Nimekesha nikisoma kaunta buku niliyomnyang'anya mwanafunzi. Nimrudishieje?

Mwalimu wa Bweni: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Wiki jana nikiwa zamu wakati wa prepo, wanafunzi wakijisomea usiku, nilikamata kaunta buku ikipita chini ya madawati. Nilidhani barua za mapenzi. Kumbe ni simulizi ya kwenye simu, zile za "itaendelea", wameinakili kwa mkono sehemu ya 1 hadi ya 38, miandiko minne tofauti. Simu shuleni marufuku, basi likizo wananakili, wakirudi wanaazimana.

Nilianza kuisoma nikitafuta ushahidi wa kupeleka ofisini. Nimeimaliza saa nane usiku. Inamhusu binti anayelelewa na shangazi mkali. Pembeni mmoja ameandika: "hata mimi kwetu ni hivi." Mwandiko naujua. Ni wa binti ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani, na swali la Watoto wa Mama N'tilie alinijibu mistari miwili. Kitabu ambacho Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa umaskini! Miaka sita nauliza fani na maudhui, sijawahi kumuuliza mtoto kama hadithi imemgusa.

Nimrudishieje bila kumwaibisha? Na nianze kusoma nini ili niwafikie? Mwenzangu ofisini anasema nikisoma vitu vya watoto heshima itashuka.

Mama Wawili: Heshima haishuki, mwalimu. Mpe mkononi, pasiwe na watu, na umwambie unataka kujua kilichofuata baada ya 38. Ya pembeni usiyataje, hakukuandikia wewe.

Mstaafu wa Chaki: Hapo dada yangu nakupinga kidogo. Kama shangazi wa kwenye hadithi anapiga na kunyima chakula, "kwetu ni hivi" si neno la kupita juu juu. Mwalimu wa malezi ajue, tena leo. Halafu simulizi nyingine za mitandaoni hazimfai mtoto wa miaka 15, ndiyo sababu ya wewe kutangulia kuzisoma.

Mama Wawili: Hapo umenena, mzee wangu. Ila daftari lenyewe lisizungushwe ofisini.

Jirani wa Kitale: Mwalimu, tafuta Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Kijana anatoka Tanga kumtafuta babake hadi huku kwetu Kenya. Mwalimu wetu alitusomea kwa sauti kipindi cha mwisho cha Ijumaa, dakika kumi, bila swali hata moja. Hakuna aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani. Nina watoto sasa, na sauti yake bado naisikia.

Mwalimu wa Bweni: Asanteni sana. Nimemrudishia leo nyuma ya maktaba. Akaniuliza, "Mwalimu, umeisoma yote?" Nikamjibu yote, na kwamba sehemu ya 21 ilinitoa machozi, ambayo ni kweli. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema ya 39 anayo kichwani, ataiandika Jumamosi aniletee.

Mzee, mwalimu wa malezi nimeshazungumza naye, ni mama mtulivu. Daftari sikumwonyesha. Atakaa na binti kesho.

Siku Njema nimeipata kwa rafiki, jalada limechanika ila kurasa zote zipo. Naanza Ijumaa hii. Ukurasa wa kwanza nimeshausoma kwa sauti mara tatu chumbani, nisije nikajikwaa mbele yao.