Naomba ushauri: nani alipie walinda amani Somalia?

Wadau, salamu. Jumamosi tuna mdahalo wa vijana hapa Kayole kuhusu AUSSOM, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoko Somalia. Azimio 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, linaruhusu hadi asilimia 75 ya bajeti ya misheni kama hiyo itoke kwenye michango ya lazima ya wanachama wa UN. Ila kila misheni huamuliwa kivyake, na mwaka 2025 Somalia haikupata idhini. Inaniuma sana: askari wako mahandakini, posho zinangoja wahisani! Nitetee upande upi: Afrika ijaze Mfuko wake wa Amani kwanza, ama tudai Baraza lenyewe libadilishwe, kura ya turufu ikiwemo? Mimi naegemea Mfuko. Anayezijua hesabu hizi anieleweshe kabla ya Ijumaa, tafadhali.