Maktaba ikikosekana programu ikiwa tayari inatumika: tuibebe ndani ya WAR, tuiache kwenye seva, au twende OSGi?

msaka_logi
Wakuu, naomba mawazo. Tuna programu ya ofisini iliyojengwa kwa Java 8. Tukachukua WAR (kifurushi cha programu ya wavuti) ileile, tukaiwasha juu ya Java 17, kwenye seva ya Tomcat 9. Ikapanda bila kelele, watu wakafanya kazi siku mbili nzima. Siku ya tatu mhasibu kabonyeza "Tuma ankara", ukurasa ukabaki mweupe. Kwenye logi:

`java.lang.NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException`

Chanzo nakijua: JAXB, maktaba ya msimbo ya kugeuza data za Java kuwa XML na kinyume chake, iliondolewa ndani ya JDK (Java yenyewe) kuanzia Java 11, mwaka 2018. Kinachoniumiza ni kwamba kosa lilisubiri siku tatu. Seva moja inabeba programu 4, na ofisini tumegawanyika: wapo wanaotaka kila WAR ijibebee maktaba zake, wapo wanaotaka ziwe za pamoja kwenye seva, na mmoja anaimba OSGi kutwa, ule mfumo wa kugawa programu ya Java vipande vinavyotangaza vinachohitaji. Nani ameishi na njia hizi?

kapu_la_jar
Jibebee mwenyewe, mkuu. Weka kwenye WEB-INF/lib, folda ya maktaba ndani ya WAR, usimtegemee jirani. Ila angalia toleo: ukichukua `jakarta.xml.bind-api` ya 4 utapata kosa lilelile, maana kuanzia toleo la 3 jina la pakeji lilibadilika kutoka `javax` kuwa `jakarta`. Unataka 2.3.3. Na usiishie kwenye API, hiyo ni ganda tu. Ongeza `jaxb-runtime` ya 2.3, la sivyo utaambiwa utekelezaji wa JAXB haujapatikana.

WAR itanenepa, ni kweli. Diski ni rahisi kuliko usiku wako.

bi_moduli
Naunga mkono, nikiwa na kovu. Tuliwahi kuweka maktaba ya kuchora ripoti kwenye folda ya `lib` ya Tomcat ili programu zote ziitumie. Yenyewe ilihitaji maktaba nyingine ndogo, ambayo sisi tulikuwa nayo ndani ya WEB-INF/lib. Tukaiona kwa macho yetu, faili ipo, na bado NoClassDefFoundError. Tulizima na kuwasha seva mpaka tukachoka. Kumbe kipakiaji cha klasi cha programu huona vya juu yake, lakini cha juu hakioni kilichomo ndani ya programu. Ukipandisha maktaba moja juu, pandisha na ukoo wake wote. Halafu programu ya pili ikitaka toleo jingine ndio ugomvi unaanza.

Ukitaka kweli maktaba za pamoja, WildFly, seva nyingine ya Java, inafanya hivyo kwa adabu zaidi. Unaitaja moduli kwenye `jboss-deployment-structure.xml`, na isipokuwepo programu inakataa kupanda. Unajua palepale, kabla ya mhasibu. Isipokuwa uandike `optional="true"` (si lazima iwepo), hapo umejirudisha ulikotoka.

mgeni_wa_java
Kwa nini msizungushie tu try na `catch (Exception e)`, mtumiaji apewe ujumbe mzuri?

kapu_la_jar
Haitashika, ndugu. NoClassDefFoundError ni ya ukoo wa Error, si Exception. Inapita hapo kama maji kwenye chekeche.

bando_47
Mimi ndiye yule mwimbaji wa OSGi, ila wa ofisi nyingine 😄. Niseme ukweli wake. Uagizaji wa kawaida kwenye Import-Package (orodha ya pakeji ambazo bando, yaani kipande cha OSGi, linazihitaji) ni mkali: pakeji isipopatikana, bando linabaki INSTALLED, haliwaki. Hilo ndilo zuri lake. Shida ni watu kuchoka na ukali huo wakaanza kupaka `resolution:=optional` kila mahali. Bando linawaka, linatabasamu, linakufa mtu akibonyeza. Na kuna jambo linalowatesa wengi: bando likishaunganishwa bila ile pakeji, kuileta baadaye hakusaidii kitu mpaka ufanye refresh, yaani kuliunganisha upya. Utaapa kwamba umeshaweka, na ni kweli umeweka.

DynamicImport-Package ya nyota (`*`, yaani pakeji yoyote) usiiguse. Inatafuta pakeji wakati klasi inapohitajika, kwa hiyo huwezi kujua mapema unategemea nini, na inaweza kukuunganisha na toleo usilolitaka.

Kama kitu ni cha hiari kweli, kiweke nyuma ya huduma: ikiwepo kitufe kinaonekana, isipokuwepo hakionekani. Lakini kwa WAR 4 kwenye Tomcat? Usihamie OSGi kwa ajili ya JAXB. Ni kununua lori kubeba kiberiti.

msaka_logi
Nimeshukuru wote. Tumebaki na Tomcat, kila WAR na zake. `mvn dependency:tree` imetuonyesha maktaba nyingine mbili zenye scope ya `provided` (yaani seva ndiyo itazitoa) ambazo hakuna aliyekuwa anazitoa, zilikuwa zinasubiri zamu yao. Pia nimeweka ServletContextListener inayoita `JAXBContext.newInstance` kwa klasi ya ankara programu inapowaka. Nikaondoa jar (faili ya maktaba) ya JAXB makusudi kujaribu: Tomcat ikagoma kuiwasha programu papo hapo.

Bosi ameuliza kwa nini nimeiharibu.