Grehaundi aliyestaafu mbio: alale kwenye kizimba, sebuleni nyuma ya geti, au chumbani?

Binti_Pangani (Leicester)
Wakuu, habari zenu, na shikamooni wakubwa. Jumamosi tunamchukua mbwa jike, grehaundi wa miaka 4 aliyestaafu mbio hapa Uingereza. Nyumba ni ya kupanga, vyumba vya kulala viko juu. Tuko mimi, mume wangu na mtoto wa miaka 9.

Kinachotugombanisha ni mahali pa kulala wiki za mwanzo. Mume anataka kizimba cha waya, kuna cha mtumba amekiona kwa bei poa. Mimi nafikiria sebuleni, tuweke geti la watoto mlangoni. Mtoto anataka alale naye, hilo nimeshalikataa. Waliowahi kuishi na mbwa hawa, mnasemaje?

Mnyalukolo_MN (Minnesota)
Shemeji yuko sahihi, chukueni kizimba. Dume langu lilitoka Florida. Kule wananchi walipiga kura mwaka 2018, mbio zikakoma mwisho wa 2020, mbwa wengi wakahitaji makazi. Siku aliyofika alitembea nyumba nzima ulimi nje, hatulii, hakai. Nilipomfungulia kizimba aliingia mwenyewe, akajikunja, akalala. Tafuta kikubwa, inchi 42 hadi 48, asimame bila kuinamisha kichwa na aweze kujigeuza. Funika blanketi pande tatu.

Dada_Kisauni (Reading)
Mnyalukolo, sikupingi, ila mbwa wako na wa Binti hawakulelewa sawa. Huko Marekani mbwa wa mbio waliishi kwenye vizimba, kwa hiyo wako alikuta chumba chake cha zamani. Hapa Uingereza na Ireland wanakaa mabandani, mara nyingi wawili wawili, na wana nafasi ya kuzunguka. Ukimfungia wa huku kwenye waya akapata kiwewe, atatafuna vyuma mpaka avunje meno. Na meno yao kwa kawaida ni mabovu tayari, daktari wa mifugo atakwambia.

Binti, taabu ya huyu mbwa usiku wa kwanza itakuwa upweke. Tangu azaliwe hajawahi kulala bila kusikia mwenzake anapumua. Kwa hiyo mimi nasema sebuleni, godoro nene sakafuni (hawana mafuta mwilini, viwiko vinachubuka), na mtu mzima mmoja alale kwenye sofa kwa usiku wa mwanzo. Akishazoea, rudini juu, geti lifungwe. Uzuri wa geti ni kwamba anaona na anasikia. Mlango wa mbao akifungiwa, utaukuta umechimbwa.

Geti lilinisaidia na jingine: mama yangu alipokuja kutoka Mombasa alitaka pa kuswali ambapo mbwa hapiti. Chini kwa mbwa, juu kwa mama, hoja ikaisha.

Fundi_Saa (Coventry)
Mimi wangu analala chumbani kwetu, na kwa kumtuliza hakuna kinachofikia hapo. Mbwa haliagi, watu mnalala. Lakini Binti, vyumba vyenu viko juu. Mbwa wa banda hajui ngazi. Wangu siku ya kwanza alipanda vizuri kabisa, kufika juu akatazama chini, akagoma. Kumbeba mbwa wa kilo 32 mwenye miguu kama ya twiga kwenye ngazi nyembamba, mnajua wenyewe. Alifundishwa taratibu, mtu mmoja mbele yake na mwingine ameshika mkanda wa kifuani, mguu mmoja mmoja. Mpaka ajifunze, chumbani kwenu hakufai.

Kwa mtoto, umefanya vizuri kukataa. Wengi wao wanalala macho wazi, unadhani yuko macho kumbe yuko mbali. Akiguswa ghafla anaweza kuunguruma au kung'ata kabla hajajua ni nani. Mfundishe mtoto aite jina kwanza kwa mbali, asubiri ainue kichwa. Na godoro la mbwa ni la mbwa, mtoto asikae hapo.

Binti_Pangani
Hilo la macho wazi sikulijua kabisa, asante kaka. Sasa mchana je? Mume anafanyia kazi nyumbani siku chache tu kwa wiki. Akibaki peke yake?

Dada_Kisauni
Anzeni siku hiyohiyo ya kwanza, hata kwa nusu dakika. Peleka takataka nje, rudi kabla hajaanza kulia, usimsemeshe. Ongeza kidogokidogo. Kinachoharibu ni kukaa naye likizo nzima mkiwa mmegandana, halafu Jumatatu nyote mnatoweka.

Tena, bandikeni karatasi kwenye mlango wa kioo wa bustani, usawa wa pua yake. Hajui kioo ni kitu gani. Wangu alisimama mbele ya mlango wa oveni, akaona mbwa mwingine humo ndani, akakaa kumlinda mpaka chakula kikaungua.

Fundi_Saa
Na nje asifunguliwe kamba. Anaweza kupita kilomita 60 kwa saa, akiona kindi hasikii jina lake. Mkanda wa shingoni uwe ule mpana unaojikaza akivuta, maana shingo yao ni nene kuliko kichwa, mkanda wa kawaida anauvua kwa kurudi nyuma. Kikapu cha mdomoni wala usikionee aibu, alikivaa kazini. Majirani wenye paka watakushukuru.

Mnyalukolo_MN
Nimekubali, Dada. Kwa mbwa wa huko, geti. Lakini Binti, nunua refu, na liwe la skrubu. Lile la kubana ukutani kwa mpira nililijaribu jikoni, dume likalisukuma kwa pua mara moja, likalala chini.

Binti_Pangani
Limeagizwa, la skrubu. Mwenye nyumba ameruhusu matundu manne, kwa sharti tuyazibe tukihama. Sofa usiku wa kwanza ni zamu ya shemeji yenu, maana ndiye aliyetaka kizimba.

Fundi_Saa
Mpe blanketi la ziada, atanyang'anywa la kwanza.