Naomba ushauri: dogo anajua hoki ya barafu ila maskauti (wasaka vipaji wa timu) wanasema ni mfupi

Wakuu habari zenu, hasa mlioko Kanada na Marekani. Mtoto wa dada yangu ana miaka 17, tupo Ontario, anacheza hoki na anajua kweli, sio maneno ya mjomba. Shida ni futi 5 na inchi 7. Maskauti wakija wanamsifia spidi na pasi, halafu swali la kwanza kwa mama yake ni "baba yake ana urefu gani?", utadhani wamekuja kuposa.

Mwakani ndo drafti yake ya NHL (ligi kuu ya hoki huku, timu zinachagua vijana kwa zamu), raundi 7, timu 32, na naona kabisa wataita majitu ya futi 6 na nusu yasiyojua hata kugeuka na paki (kile kisahani cha kuchezea), yeye wamruke. Namwambia amwangalie Martin St. Louis, naye mfupi, hakuchaguliwa kabisa, akapitia chuo cha Vermont, 2004 akabeba Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na Tampa Bay na tuzo ya mchezaji bora juu. Hata Lane Hutson juzi tu, 2022 Montreal walimchukua namba 62, 2025 akawa ruki (mchezaji mpya) bora wa ligi. Ananijibu "anko hao wachache", hapo nakosa la kusema.

Sasa abaki ligi za vijana huku au aende chuo Marekani akomae taratibu? Na kuna kocha anamlazimisha anenepe haraka kabla ya msimu, mi naogopa spidi itakufa na ndo silaha yake pekee. Aliyepitia hili na mtoto anijuze, hata inbox poa tu.