Zaidi ya miaka 20 bado mnaionea "Room on Fire", albamu ya pili ya bendi ya roki The Strokes. Imetosha!

Wakuu, habari zenu. Nimevumilia vya kutosha. Leo naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Jumamosi iliyopita tulikaa watu sita kwa rafiki yangu Kinondoni. Mmoja alikuja na spika kubwa, tukawa tunapokezana, kila mtu anaweka anachokipenda. Zamu yangu ilipofika nikaweka "Reptilia", wimbo wa "Room on Fire". Besi na dramu zikaanza kudunda, gitaa likaingia, na kabla wimbo haujachanganya jamaa mmoja, tena anayejitapa kuwa roki anaijua nje ndani, akanyoosha mkono akaukata. Akasema, "Hii albamu ni ile ya kwanza wameirudia tu. Weka ile ya kwanza tusikie kitu chenyewe." Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Nilipowauliza wataje nyimbo tatu za "Room on Fire", wakaishia kwenye huohuo mmoja niliouweka.

Nilinyamaza kwa kumstahi mwenye nyumba. Hapa sinyamazi.

Hilo neno la "wamerudia" halikuzaliwa Kinondoni. Liko tangu Oktoba 2003 albamu ilipotoka. Wachambuzi wa Uingereza na Marekani waliipokea kwa sifa za shingo upande: nzuri, ila ni yaleyale. Watu wakalidaka neno wakakaa nalo, wakawarithisha wadogo zao, na leo kijana ambaye mwaka huo alikuwa bado hajaanza shule analitamka kama vile alilifikiria mwenyewe.

Kumbukeni ilivyokuwa. Mwaka 2001 vijana watano wa New York walitoa albamu yao ya kwanza, "Is This It". Roki ya gereji hasa: vyombo vichache, magitaa mawili, besi, dramu, hakuna urembo, na mwimbaji wao Julian Casablancas akiimba kwa sauti iliyokwaruzwa makusudi utadhani anakupigia kutoka simu ya kibanda. Magazeti ya muziki yakapagawa. Bendi ya vijana waliokuwa wakipiga kwenye vilabu vidogo ikatangazwa kuwa ndiyo imekuja kuikomboa roki nzima. Nani aliwaomba waikomboe? Hawakuahidi wao. Ahadi waliiandika wengine, halafu walipotoa albamu ya pili wakadaiwa wao.

Na kinachonikera zaidi ni hiki. Mnasema hawakutaka kujaribu kitu kipya. Walijaribu! Kazi ya albamu hiyo ilianzia kwa Nigel Godrich, prodyuza aliyekuwa ameshapata jina kubwa kwa kazi zake na bendi ya Radiohead. Wakasikiliza walichopata, wakaona si wao, wakaiacha ile kazi na kurudi kwa Gordon Raphael, yuleyule aliyewarekodi mara ya kwanza. Mtu mvivu angemwachia Godrich amalize, kwa sababu jina lake peke yake lingewanyamazisha wachambuzi. Hawa waliona njia ya kusifiwa iko wazi mbele yao, wakaikataa kwa sababu haikutoa sauti wanayoitaka. Halafu uniambie hawakujishughulisha?

Sisi tuliokulia kwenye dansi ndio tulipaswa kulielewa hili kabla ya mtu yeyote. Bendi kwetu ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ndiyo bendi. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, wale wa NUTA na baadaye JUWATA walikuwa na Msondo, na mpenzi wa Msondo angesikia bendi yake imepiga Sikinde angedai kiingilio chake kirudishwe. Hakuna aliyewahi kusimama ukumbini akalalamika kwamba magitaa ya Msondo mwaka huu yanafanana na ya mwaka jana. Tulikwenda kusikia wameupeleka wapi mtindo, nani kaongeza nini kwenye solo, besi imekaaje. Baba yangu alikuwa anaweza kubishana saa nzima juu ya gitaa la pili kwenye wimbo mmoja. Sasa watoto wa nyumba hizohizo ndio mnaoishutumu bendi kwa kuwa na mtindo?

Tuje kwenye nyimbo zenyewe. Sikilizeni "12:51". Mtu akisikia mara ya kwanza anaapa kuna kinanda. Hakuna kinanda hapo, ni gitaa la Nick Valensi limetengenezwa sauti mpaka likalia hivyo, na chini yake kuna makofi yanayopigwa kama ya watoto wanaocheza uani. Nionyesheni kitu kama hicho kwenye albamu ya kwanza. "Automatic Stop" inatembea kwa mwendo wa rege, gitaa linakata katikati ya mapigo na kuiachia besi ya Nikolai Fraiture nafasi. Na "Reptilia", ambayo jamaa aliikata, ni mahali ambapo magitaa mawili yanashikana kama solo na rithimu za bendi zetu: la Albert Hammond Jr. linakanyaga mapigo bila kupepesa, la Valensi linazunguka juu yake, na ukifika kwenye solo unaona kwa nini lile la chini lilikuwa limetulia muda wote huo. Itazameni hata video yake. Karibu yote ni picha za karibu sana, midomo, macho, vidole kwenye nyuzi, vijiti kwenye dramu. Wanakuonyesha kabisa nani anafanya nini.

Halafu kuna "Under Control". Huu niliusikia vizuri kwa mara ya kwanza nikiwa ndani ya daladala, nimesimama, mvua inanyesha, madirisha yote yamefungwa na Bagamoyo Road haisogei. Wimbo unakwenda taratibu kama nyimbo za soul za zamani za Marekani, na Casablancas anaimba kama mtu aliyechoka kugombana na mpenzi wake ila hataki kuondoka. Niliurudia mpaka nikapitiliza kituo. Anayesema hiyo ni "Is This It" imerudiwa hajaisikia, na namwambia hivyo usoni.

Sitetei kila kitu. "The Way It Is" siipendi, inapita bila kuniachia chochote. Dramu za Fabrizio Moretti zimekaza vilevile kama mwanzo, na dakika 33 ni chache, nakubali. Lakini kukubali hayo ni mbali sana na kuitupa albamu yote jalalani.

Na wanunuzi hawakuitupa. Kule Marekani "Is This It" iliishia nafasi ya 33 kwenye chati ya Billboard. "Room on Fire" iliingia moja kwa moja nafasi ya 4. Waliolalamika ni wale wachambuzi waliokuwa wakipelekewa nakala za bure.

Sasa angalieni kilichofuata. Januari 2006 wakatoa "First Impressions of Earth". Prodyuza mpya, David Kahne. Nyimbo 14, zaidi ya dakika 50, magitaa mazito zaidi, kila kitu mlichosema kimekosekana 2003. Wakapokelewaje? Ndefu mno! Wamepotea njia! Warudi kwenye ule ufupi wao! Watu walewale, jamani. Ukibaki na mtindo wako umeishiwa, ukiubadilisha umejisahau. Bendi ifanye nini ndipo iwaridhishe?

Kwa hiyo nimefungua uzi huu kwa ombi moja. Anayedai "Room on Fire" ni kopi aweke hapa jina la wimbo wa "Is This It" uliokopiwa kuwa "Under Control", na mwingine uliokopiwa kuwa "12:51". Sitaki "zinafanana fanana". Nataka jina la wimbo, na dakika inapotokea. Jamaa wa Kinondoni naye nimeshamtumia kiunganishi cha uzi huu, amesoma na hajajibu.