Gazoni kwenye mvua zetu za Kivu: tupeane uzoefu

Mtunza_Gazoni_Nguba
Wapendwa, mvua za mwezi wa tisa zimerudi na parseli (viwanja vya nyumba) nyingi ninazopita hapa Bukavu watu wanaandaa gazoni, zile nyasi fupi za uani. Naomba kila mwenye uzoefu auweke hapa, kwa sababu ushauri tunaoupata kwa kawaida ni wa nchi kavu: mwagilia asubuhi, mwagilia jioni. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, jua letu si kali, na tangu Septemba hadi Mei mbingu inamwagilia yenyewe. Kinachotuharibia gazoni ni maji yanayotuama na maji yanayokimbia na udongo.

Nianze na yanayotuama. Nyuma ya nyumba yangu majani yalikuwa yanageuka njano masika yakiwa yamepamba moto, na chini ukoga wa kijani umetanda. Wengi walidhani ni njaa ya mbolea. Nikakatua kipande kwa jembe nikitazame: mizizi mifupi, ya kahawia, haifiki hata urefu wa kidole, na udongo unanuka uchachu. Mizizi ilikuwa inakosa hewa. Huu mfinyanzi wetu mwekundu ukikanyagwa ukiwa umelowa unashikamana kama tofali.

Nilichofanya: uma wa bustani, unauchomeka sentimita 10 kwenda chini, unautikisa kidogo, unasogea upana wa kiganja, unachomeka tena, eneo zima. Halafu mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji iliyoiva, unautandaza juu na kuusukuma kwa fagio uingie kwenye matundu. Ni kazi ya mgongo kweli. Ifanyeni udongo ukiwa na unyevu wa kawaida, msisubiri uwe tope. Ukoga ukiukwangua tu bila kufungua udongo, unarudi.

Mama_wa_Panzi
Asante baba kwa kufungua mada. Mimi niongelee yanayokimbia, maana parseli yangu iko kwenye mteremko na kwetu Bukavu hilo si jambo la urembo. Sote tunajua mmomonyoko unavyokula vilima vyetu. Mvua moja kubwa ilikuwa inashusha udongo wangu hadi mlangoni kwa jirani wa chini, na huyo jirani ana watoto wadogo. Nililala vibaya kila radi ilipopiga.

Kwanza nilishughulikia paa. Maji ya mabati yote yalikuwa yanaanguka sehemu moja na hapo ndipo korongo lilipoanzia. Tukaweka mifereji, maji yanaingia kwenye pipa, na yanayozidi yanakwenda kwenye mtaro uliojengwa kwa mawe. Bila hivyo hakuna nyasi itakayoshika, dada zangu, msidanganyike.

Kisha nikapanda paspalamu, nyasi ya gazoni inayotambaa, kwa vipandikizi. Mistari inakata mteremko, yaani inalala kwa upana wa kilima, haishuki nacho. Kati ya shina na shina sentimita 15, na mstari wa chini unaziba pengo la mstari wa juu, ili maji yakipenya hapa yagonge shina pale. Juu yake nilitandaza nyasi kavu nyembamba hadi vipandikizi viliposhika. Ukingo wa chini kabisa nilipanda vetiva, nyasi ndefu ya kushika udongo, mche kwa mche, karibu karibu. Mizizi ya vetiva inashuka wima mita 2 hata 3, haitambai kwenda kumsumbua mtu. Sasa ukisimama pale chini mvua inanyesha, maji yanayotoka ni meupe. Zamani yalikuwa mekundu.

Kijana_wa_Himbi
Huku Goma ni kinyume, mama. Sisi tumekaa juu ya lava, mawe yaliyotoka kwenye volkano yakaganda. Baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka 2002 kuna sehemu za mji ambazo hata jembe halina pa kuingia. Maji hayatuami kabisa, yanapita kwenye mawe yanapotea, na wiki moja bila mvua gazoni inanyauka hata kama ni masika. Kwa hiyo udongo tunaununua. Wanaotandaza sentimita 5 wanapoteza pesa. Weka angalau 15, changanya na mboji nyingi inayoshika unyevu. Nilipanda kikuyu, ambayo ni nyasi ya asili ya nyanda hizi za juu, inapenda baridi yetu. Ila inavuka mpaka! Bila kuzika mawe ya lava kuzunguka bustani ya mboga, itakumalizia lengalenga (mchicha).

Mzee_wa_Bagira
Wanangu, mmesahau kukata. Gazoni nyingi ninazoziona zinauawa na kupekupe, lile panga la kufyekea. Mtu anaacha nyasi hadi magotini, kisha anazifyeka hadi udongo unaonekana. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Paspalamu iachie sentimita 5 hadi 7. Wakati wa mvua nyingi itabidi ukate mara kwa mara, ndiyo, lakini ngoja majani yakauke. Na noa! Chungulia ncha ya jani siku ya pili: kama imechanika ina nyuzi nyeupe, chuma chako ni butu, na hapo ndipo ugonjwa unapoingilia.

Binti_Kadutu
Shikamoo mzee. Naomba msaada: uwanja wetu ni mdogo, uko chini ya mti wa avoka (parachichi), na watoto wanacheza hapo. Gazoni haishiki.

Mzee_wa_Bagira
Marahaba mwanangu. Punguza matawi ya chini mwanga uingie. Paspalamu inataka jua. Tafuta ile nyasi fupi ya majani mapana inayotambaa, inavumilia kivuli. Karibu na shina usipigane, weka kokoto. Na watoto wapewe njia ya mawe.

Mtu_wa_Lubumbashi
Huku kwetu kiangazi ni kirefu, karibu nusu mwaka, gazoni inakuwa kahawia yote. Watu wanaing'oa wakidhani imekufa. Kama ni nyasi inayotambaa na mizizi ipo hai, mvua za kwanza zinaiamsha.

Mtunza_Gazoni_Nguba
Nyongeza kuhusu lishe. Mvua nyingi zinaosha chokaa ya udongo, unakuwa na asidi. Majivu ya kuni yanasaidia: kiganja kimoja au viwili kwa mita ya mraba, mara moja kwa mwaka. Msiyachanganye na yurea, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni, maana naitrojeni itapotea hewani. Acheni wiki kadhaa katikati. Na yurea isimwagwe wingu likiwa limetanda, itaishia ziwani.

Mama_wa_Panzi
Binti, hiyo ya majani mapana ninayo kando ya ukuta, na vetiva imezidi. Nitang'oa Jumamosi baada ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi mtaani. Njoo na gunia lenye unyevu, na upande siku hiyohiyo.