Besi: nyuzi 40-95 zinakwaruza, nirudi 45-105 au nihamie flati?

Besi_Kigamboni

Wakuu, salaam. Naombeni mwongozo. Besi yangu ni gitaa la besi la nyuzi nne, umbo la Precision ya Fender, inchi 34 kutoka mfupa wa juu (unaobeba nyuzi pale kichwani) hadi briji (kishikio cha nyuzi kwenye mwili). Ilikuwa na nyuzi za nikeli za geji (unene) 45-105, yaani 45 kwa uzi mwembamba wa G na 105 kwa mnene wa E, na haikusumbua. Safari hii Kariakoo nimekuta 40-95 tu, nikafunga hizo. Tangu hapo uzi wa E unakwaruza kuanzia freti (vijiti vya chuma shingoni) ya 1 hadi ya 5. Kuanzia ya 12 kwenda juu ni safi. Kwenye bendi (rumba na dansi) tunatyuni kawaida, ila kwaya ya Jumapili wanashusha nusu toni, na hapo kelele inazidi. Halafu G na D zimeshaanza kushika kutu pale mkono wa kulia unapopiga.

Naomba kujua: geji gani itabeba tyuni zote mbili? Flati (nyuzi za waya bapa) zinafaa kwa rumba kweli, au ni maneno ya watu? Na hili la kuchemsha nyuzi zilizochoka, lina ukweli?

Fundi_Shingo

Kaka, freti zako ni nzima, na nyuzi hazina kosa. Shida ni shingo.

Nyuzi zinaivuta shingo mbele, trasirodi, yaani fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, inaivuta nyuma. Besi yako ilisetiwa kwa mvuto wa 45-105, ambapo kila uzi unavuta kama kilo 18 hadi 23. Mvuto unafuata mraba wa kipenyo. Kwa hiyo kutoka 105 kwenda 95 umepoteza kama asilimia 18 kwenye E, na kutoka 45 kwenda 40 kama asilimia 21 kwenye G. Ukishusha nusu toni, asilimia 11 ya kilichobaki inaondoka pia. Jumla ni robo na ushee. Trasirodi imebaki na nguvu ile ile, shingo imenyooka, labda imepinda hata nyuma kidogo, ndiyo maana kelele iko freti za mwanzo peke yake. Ingekuwa huko juu ya 12, ningekwambia uangalie briji.

Pima kabla ya kugusa kitu. Tyuni besi kwanza, maana kupima nyuzi zikiwa zimelegea ni kujidanganya. Weka kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 1 (huna kapo, bana kwa kidole), kwa mkono mwingine bonyeza E kwenye freti ya mwisho, kisha angalia nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa kama milimita 0.3. Fila geji ya mafundi magari inatosha kabisa: jani la 0.30 lipite likigusa kidogo tu. Kama uzi umelala juu ya freti, jibu umelipata.

Kulegeza trasirodi ni kinyume cha saa, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Tyuni tena, pima tena, iache mpaka kesho yake upime kwa mara nyingine kwa sababu mbao haitii siku hiyo hiyo. Angalia tundu la kuzungushia trasirodi liko wapi: besi nyingi za sasa liko kichwani na unatumia alenki, ila baadhi za umbo la Precision ni bisibisi ya msalaba upande wa mwili, na hizo huwa lazima ulegeze nyuzi na kufungua skrubu nne za shingo. Alenki isiyoenea vizuri itakula kingo za tundu, na hapo utalipia kazi kubwa kuliko bei ya nyuzi. Ikigoma, usilazimishe.

Lakini usisete lolote kabla hujaamua geji. Ukiseti kwa 40-95 halafu mwezi ujao ukafunga 45-105, kazi unairudia yote.

Geji zenyewe ni elfu za inchi: 45 ni inchi 0.045. Si kama bati, ambako geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Kwenye nyuzi namba ikipanda, uzi unanenepa.

Kwa matumizi yako mimi nasema rudi 45-65-85-105. Kwenye tyuni ya kawaida uko sawa, na ukishusha nusu toni zitalainika kidogo lakini hazitapepesuka. Kama besi ingekuwa ya kwaya tu, imeshushwa muda wote, ningekupa 50-110: uzi wa 110 ulioshushwa nusu toni unavuta karibu sawasawa na 105 ya kawaida. Ila 50-110 kwenye tyuni ya kawaida, vidole vitakueleza.

Mzee_wa_Rumba

Nyongeza kwa Fundi, nikianzia na flati.

Bofu la uzi wa besi ni waya uliozungushwa juu ya kiini cha chuma. Waya huo ukiwa wa duara ndiyo raundi: una mifereji, unang'aa, unasikika mpaka mlio wa kidole kikiteleza. Ukiwa waya bapa ndiyo flati: laini kama kioo, sauti nzito, fupi, yenye "du" na haina "tang". Rotosound waliingia na raundi za chuma cha pua miaka ya 1960 wakishirikiana na John Entwistle wa The Who, aliyetaka besi ikate kama piano. Upande wa pili kuna James Jamerson wa Motown, Precision yenye flati nene za La Bella, 52-110, ambazo alikuwa habadilishi mpaka zikatike. Ukisikiliza hao wawili umeshaelewa tofauti, huhitaji maelezo yangu.

Kwa rumba na dansi, ndiyo, flati zinakaa mahali pake. Besi pale inatembea na kick na tumba, gitaa la solo na la rithim tayari vimejaa huko juu, hivyo ung'avu wa raundi mara nyingi ni kelele ya ziada. Hali yetu ya pwani nayo inazipendelea: hazina mifereji ya kunywesha jasho, kwa hiyo zinadumu mno, na freti haziliki haraka.

Tatizo lako ni kwaya. Kanisani besi inapita kwenye spika moja na kinanda, na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda uko palepale ulipo wewe. Flati kwenye spika ndogo inamezwa. Watu wanasikia mtetemo tu, nota hawaipati. Na kama kuna nyimbo za kupiga kwa dole gumba, flati zisahau.

Besi moja, kazi mbili: baki raundi za nikeli. Ukitaka sauti ya rumba, punguza kitufe cha toni hadi nusu, piga karibu na shingo, weka kipande cha sponji chini ya nyuzi kando ya briji, kigusane nazo bila kuzisukuma juu. Inafika pazuri kuliko unavyodhani. Kinyume chake haiwezekani, flati huwezi kuing'arisha kwa kuongeza trebo.

Kuhusu kutu: nyuzi nyingi zinazoandikwa nikeli ni chuma kilichopakwa nikeli. Pale mkono wa kulia unapopiga, jasho linakula ule mpako, chuma kinabaki wazi, upepo wa bahari wa Kigamboni unamalizia. Chuma cha pua kinavumilia zaidi, ila ni kigumu, kinakula freti na kinakwaruza vidole. Zenye koti la plastiki, kama Elixir, ndizo zinazokaa muda mrefu kati ya raundi. Bei yake inauma, lakini piga hesabu kwa mwaka, usipige kwa pakiti.

Na usifunge besi kwenye begi ikiwa na jasho. Shika kila uzi kwa kipande cha khanga kuukuu, ya pamba, ubane juu na chini, vuta kutoka briji mpaka kichwani. Uchafu mwingi uko upande wa chini wa uzi, ule unaotazama freti, na huo ndio watu hawaufuti. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vitupie ndani ya begi.

nota_ya_chini

Kuchemsha kunafanya kazi, ila kwa muda mfupi sana. Maji ya moto yanatoa mafuta na ngozi iliyoganda kwenye mifereji, uzi unang'aa tena, halafu maji yaliyobaki ndani yanaozesha kiini. Bora spiriti: bomba la PVC lenye vifuniko pande zote, nyuzi ndani, jaza spiriti, acha usiku mzima, toa, futa, ning'iniza zikauke kabisa kabla ya kufunga. Mbali na jiko na sigara, hilo halina mjadala. Mafuta ya taa hapana, yanaacha utelezi. Na ni kwa raundi tu. Flati hazina mifereji ya kusafisha, na zile zenye nailoni juu usiziloweke kabisa.

Uzi wenye kutu usiuloweke, utupe. Pia pitisha ukucha chini ya uzi pale unapogusa freti: ukisikia vishimo, umekwisha. Uzito wake hauko sawa tena kwa urefu wote, na utasumbuka na tyuni ya freti ya 12 bila kupata jibu.

Ukienda dukani beba venia (kipimo cha unene). Nyuzi zisizo halisi zipo, pakiti inapendeza lakini vipimo vya ndani vinasema kingine. 45 ni milimita 1.14, 65 ni 1.65, 85 ni 2.16, 105 ni 2.67. Tofauti ya sehemu moja au mbili za mia za milimita si neno. Ukikuta "105" inapima 2.5, hiyo ni 100 au si kitu. Angalia pia urefu: pima kwenye besi yako kutoka kiduara cha uzi kinapokaa kwenye briji mpaka mfupa wa juu. Sehemu nene ya uzi ipite hapo kwa sentimita mbili au tatu, ndipo ile hariri ya rangi iliyofungwa kwenye ncha ya uzi ianze. Hariri ikikaa juu ya mfupa, au uzi wa skeli fupi (wa besi fupi) ukiulazimisha kwenye inchi 34, sauti ya wazi inakufa.

Kufunga: badilisha uzi mmoja mmoja, shingo isikae bila mvuto. Kabla ya kukata, vuta uzi upite funguo yake kwa nafasi ya funguo moja na nusu hadi mbili mbele, upinde kwanza kwa plaizi pembe kamili, ndipo ukate nje ya mpindo. Ukikata uzi ulionyooka, hasa wenye kiini cha duara, bofu linafunguka ndani na uzi unakuwa mfu ungali mpya. Ncha iingie kwenye tundu la funguo, mizunguko miwili au mitatu ikishuka chini, usipandishe mmoja juu ya mwingine. Ukishatyuni, bonyeza uzi kwa kidole mbele kidogo ya kiti chake kwenye briji na mbele ya mfupa wa juu, ukae pembe. Hilo peke yake linaondoa utata mwingi wa "nyuzi mpya hazikai tyuni".

Besi_Kigamboni

Shikamoo Mzee, na asanteni sana wakuu. Nimepima kama Fundi alivyosema: E imelala juu ya freti ya 7, jani la 0.05 halipiti. Nitachukua 45-105 za nikeli. Je, nikizifunga nilegeze trasirodi hapohapo? Na mwenzangu ananishauri nifunge nyuzi za besi ya tano, yaani B-E-A-D, nisihangaike na kushusha.

Fundi_Shingo

Usiilegeze kwanza. Funga 45-105, tyuni kawaida, iache usiku kucha, kisha pima. Mvuto ukirudi inawezekana shingo ikarudi yenyewe kwenye 0.3, kwa sababu ndivyo ilivyosetiwa. Ikiwa bado iko chini ya 0.2, robo mzunguko. Ikizidi 0.4, kaza robo, kwa mwendo wa saa.

Baada ya hapo urefu wa uzi freti ya 17: E milimita 2.4 hadi 2.8, G 2.0 hadi 2.4. Halafu freti ya 12. Linganisha hamoniki (mlio wa kugusa uzi tu bila kuubana) na nota iliyobanwa. Iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kiti nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Seti kwenye tyuni ya kawaida. Ukishusha nusu toni Jumapili itapotea kidogo sana, hakuna muumini atakayelalamika.

B-E-A-D inawezekana: 65-85-105-130, ni pakiti ya nyuzi tano ukiacha G. Eb (E iliyoshushwa nusu toni) unaipata kwenye B freti ya 4, hushushi chochote. Ila 130 ni milimita 3.30 na mfereji wa mfupa wako umechongwa kwa 2.67, hivyo lazima upanuliwe kwa tupa, mifereji yote minne. Hakikisha pia 130 inapita kwenye funguo na kwenye tundu la briji kabla hujakata. Ukishachonga mfupa, 45-105 haitakaa tena vizuri mpaka ununue mfupa mwingine, na kwenye rumba umepoteza G ya juu. Nunua mfupa wa akiba kwanza, chonga huo, wa zamani uweke kwenye begi.